Singo Iliyoingia Dukani Kimyakimya: Kisa cha Ken Yokoyama na Pizza of Death

Jumanne ya tarehe 4 Oktoba 2016, wauza CD nchini Japani walipanga rafuni singo ambayo mashabiki hawakuwa wameambiwa lolote kuihusu. Hapakuwa na bango mtaani, hapakuwa na mahojiano gazetini, wala kipande cha video cha kuonjesha. Jaladani paliandikwa Hi-Standard, na singo yenyewe iliitwa Another Starting Line. Tarehe rasmi ya kutoka ilikuwa kesho yake, Jumatano, lakini Japani mzigo mpya hufika dukani siku moja kabla na kwa kawaida huwekwa mbele ya wateja siku hiyohiyo. Mtu aliyeingia kutafuta kitu kingine akakuta rekodi mpya ya bendi ambayo haikuwa imetoa kitu tangu mwaka 2000. Picha za rafu zikazagaa Twitter, na habari ikawa kubwa kabla bendi haijafungua mdomo.

Kisa hiki husimuliwa kama ujanja wa masoko, kwamba wazee wa panki, muziki wa roki wa kasi na wa kiasi, walibuni njia ya kuvuta macho ya watu, ikawafaa. Nadhani simulizi hilo linaanza mwisho na kuacha mwanzo. Kilichowezesha Jumanne ile ni uamuzi wa mwaka 1999, pale mpiga gitaa wa bendi alipokubali kuwa mwenye kampuni ya rekodi, Pizza of Death. Alichonunua mwaka ule ni haki ya kuamua lini aseme na lini anyamaze, na bei yake aliilipa kwa miaka mingi, nyingine nje ya daftari za hesabu.

Mpiga gitaa huyo ni Ken Yokoyama, mzaliwa wa Tokyo, mwaka 1969. Hi-Standard ilianza mwaka 1991. Mwimbaji wao wa mwanzo alipoondoka hawakutafuta mwingine: Akihiro Namba akashika besi na kuimba papo hapo, Akira Tsuneoka akabaki na ngoma, Yokoyama na gitaa. Walipiga panki ya kasi yenye sauti tamu za kuimbika, na waliimba kwa Kiingereza ilhali wasikilizaji wao wa kwanza walikuwa vijana wa Kijapani waliosongamana katika kumbi ndogo za chini ya ardhi. Kwa soko la Japani la miaka ile, lililotawaliwa na nyimbo za mapenzi za Kijapani zilizobebwa na tamthilia na matangazo ya televisheni, hayo hayakuwa maandalizi ya utajiri.

Mwaka 1995 wakatoa albamu ya Growing Up, na prodyuza wake alikuwa Fat Mike, kiongozi wa bendi ya NOFX ya California. Msomaji wa kisa hiki asipite haraka hapa. Fat Mike usiku alikuwa jukwaani na besi yake, mchana alikuwa mwenye Fat Wreck Chords, lebo (yaani kampuni ya kutoa rekodi) ya San Francisco aliyoiasisi na mkewe wa wakati huo. Lebo hiyo ndiyo iliyoitoa Growing Up Marekani mwaka 1996. Kwa hiyo Yokoyama na wenzake walikuwa na mfano hai mbele yao: mwanamuziki anayesaini wenzake, anayejua bei ya kuchapa jalada, na ambaye hakuna bosi ghorofani wa kumwambia albamu ingoje hadi msimu wa sikukuu. Mtu akishaona kitu kama hicho kinafanya kazi, ni vigumu kurudi kwao akaamini kwamba hakiwezekani.

Japani kazi zao zilikuwa zikitoka kupitia Toy's Factory, kampuni kubwa yenye heshima yake, na jina la Pizza of Death lilianza humohumo kama chapa ndogo ndani ya nyumba ya mwingine. Kupitia chapa hiyo Yokoyama alianza pia kushughulikia kazi za wenzake, mfano Husking Bee waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1996. Kisha mwaka 1999 Pizza of Death ikatoka ndani ya Toy's Factory, ikasajiliwa kama kampuni yake, na Yokoyama akawa mkuu wake. Tarehe 30 Juni mwaka huo ikatoka Making the Road.

Wakati wenyewe una maana. Mauzo ya CD Japani yalifika kileleni mwaka 1998 na hayajarudi pale tena. Bendi ikajitenga soko likiwa bado limejaa maji, na albamu ikauzwa kwa namna ambayo lebo huru hazikuwa zimezoea: hesabu inayotajwa kila mara ni zaidi ya nakala milioni moja, Japani na ng'ambo kwa pamoja. Miaka miwili baadaye Mongol800, vijana wa Okinawa, waliuza zaidi ya milioni mbili za albamu yao Message kupitia lebo huru na kushika namba moja ya Oricon, orodha ya mauzo ya muziki ya Japani. Dhana kwamba bila kampuni kubwa hutoki ilivunjika Japani katika kipindi hicho kifupi, na Making the Road ilikuwa miongoni mwa nyundo za mwanzo.

Lakini milioni moja si kiini cha kisa. Kiini ni kilichobadilika mezani. Chini ya kampuni kubwa, kampuni hulipia studio, humiliki rekodi kuu (ile ya asili ambayo nakala zote hutokana nayo), hupanga kalenda, na bendi hungoja mgawo. Chini ya Pizza of Death, mtu yuleyule aliyepiga gitaa ndiye alipaswa kulipia kiwanda cha kubonyeza CD, mchapaji wa majalada, ghala, mishahara ya wafanyakazi, kisha angoje msambazaji alipe. Albamu ikifa, hakuna wa kumlaumu. Ikiwika, rekodi ni yake na kalenda ni yake. Watu wengi husifu upande wa pili wa biashara hiyo tu. Mimi huvutiwa zaidi na upande wa kwanza, kwa sababu hapo ndipo wanamuziki wengi hukwama. Kupiga gitaa hakumfundishi mtu kusoma ankara.

Agosti 2000 Hi-Standard wakaandaa AIR JAM, tamasha lao wenyewe, katika uwanja wa besiboli wa Chiba Marine, baada ya kulianza Tokyo mwaka 1997. Halafu kimya. Hi-Standard ikasimama, bila hata kutangaza kwamba imevunjika. Namba akaenda kuishi Okinawa na kufuata muziki mwingine.

Hapa kisa kinakuwa kigumu, na wachambuzi wengi huruka. Bendi ya watu watatu ilikuwa imesimama, lakini kampuni haikusimama. Wafanyakazi walikuwapo, bendi nyingine zilizosainiwa zilikuwapo, oda za Making the Road ziliendelea kuja. Na mmoja kati ya wale watatu ndiye aliyeketi kwenye kiti cha bosi. Hata kama kila senti inagawanywa kwa haki, mizani ya urafiki hubadilika pale rafiki mmoja anapokuwa ndiye anayeandika hundi. Wenyewe wamesimulia hadharani kwamba Yokoyama na Namba walifarakana kwa miaka. Siwezi kusema kampuni ndiyo iliyowafarakanisha, kwani bendi huvunjika kwa mambo mengi, uchovu ukiwa wa kwanza. Ninachosema ni kwamba muundo wenyewe hauna mlango wa dharura. Katika kampuni kubwa, wanabendi wakigombana na lebo, wanagombana wote upande mmoja. Katika lebo ya mwenzao, ugomvi wa kazi na ugomvi wa nyumbani ni ugomvi mmoja.

Yokoyama akaendelea na kazi ya ofisini na ya jukwaani kwa pamoja. Mwaka 2004, akiwa na miaka 34, alitoa albamu yake ya kwanza akiimba mwenyewe, akaiita The Cost of My Freedom. Jina hilo lafaa kuwa kichwa cha daftari zima la Pizza of Death. Bendi yake, Ken Band, ilipanda jukwaa la Nippon Budokan, ukumbi mkubwa wa Tokyo, mwaka 2008. Lebo ikalea bendi nyingine, Hawaiian6 wakiwemo, na Yokoyama akawa na safu yake kwenye tovuti ya lebo, ambapo huandika kwa kirefu na bila kuzungukazunguka, kuanzia magitaa hadi siasa. Safu hiyo ni sehemu ya uendeshaji. Mwenye lebo asiye na bajeti ya matangazo akizungumza na wasikilizaji wake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, anajenga imani ambayo bango halinunui. Siku atakaponyamaza, kimya chake kitasikika.

Kilichowarudisha pamoja ni msiba wa taifa. Machi 11, 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 na tsunami vilipiga kaskazini-mashariki mwa Japani. Mwishoni mwa Aprili, Namba, Yokoyama na Tsuneoka, kila mmoja kwenye akaunti yake ya Twitter, walituma ujumbe uleule kwa wakati mmoja: tarehe 18 Septemba, jina la bendi, jina la tamasha, na ombi kwamba sauti hiyo ifike. Basi. AIR JAM ya 2011 ilifanyika uwanja wa Yokohama, na ya 2012 wakaipeleka mkoani Miyagi, katika eneo lililoathirika lenyewe. Tazama namna walivyotangaza: maneno machache, hakuna msemaji, hakuna kampuni katikati. Mbinu ya Oktoba 2016 imo tayari ndani ya ujumbe ule, miaka mitano kabla.

Ila kurudi jukwaani ni jambo moja na kurudi studio ni jambo jingine. Bendi nyingi za zamani hurudi kwa matamasha, zikapiga nyimbo zilezile, mashabiki wakafurahi, mambo yakaishia hapo. Hi-Standard walipiga maonyesho 2011 na 2012 bila rekodi mpya, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba rekodi haitakuja. Matarajio hayo ya chini ndiyo yaliyoipa Jumanne ile nguvu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo unahitaji kimya cha kweli.

Sasa tuingie ndani ya dawati la uamuzi. Kufikia 2016, kutoa kazi bila kutangaza halikuwa jambo geni duniani. Beyoncé alikuwa amefanya hivyo Desemba 2013, albamu nzima ikatokea iTunes usiku mmoja. Lakini faili la kidijitali hukaa kwenye seva mpaka mtu abonyeze kitufe, na wanaojua ni wachache. CD ni kitu cha mkononi. Lazima kibonyezwe kiwandani, jalada lichapwe, ule mkanda wa karatasi unaozungushwa ubavuni mwa CD za Kijapani uwekwe, maboksi yapakiwe malori, na maduka ya nchi nzima yapokee siku moja. Zaidi ya hayo, duka la Japani kwa kawaida huagiza mzigo wiki kadhaa kabla, kwa kutazama matangazo na oda za wateja wa mapema. Ukiondoa tangazo, umemnyima mwenye duka taarifa anayotumia kupanga idadi. Lazima umwendee moja kwa moja, umwambie kuna kitu, umwombe aagize na afunge mdomo.

Kwa hiyo siri ya Another Starting Line haikuwa siri ya watu watatu. Ilipita kiwandani, kwa msambazaji, na kwa wauzaji wa rafu, wale vijana wa dukani ambao wengi wao ni mashabiki na wangependa mno kuwa wa kwanza kuposti. Na ilishika. Huo ndio ushahidi ninaouthamini kuliko takwimu yoyote ya mauzo. Lebo iliyoanza na wauzaji wa duka kabla ya kuwa na jina, ikawatumia bidhaa kwa uaminifu kwa miaka 17, iliweza kuwaomba wanyamaze, nao wakakubali. Imani ya namna hiyo haiandikwi kwenye mkataba.

Kuna jambo la pili la soko la Japani ambalo msomaji wa nje asipolijua hatauelewa uamuzi huu. Sheria huko inaruhusu mzalishaji wa CD, kama ilivyo kwa vitabu na magazeti, kupanga bei ya rejareja. Singo moja huuzwa bei ileile katika Tower Records ya Shibuya yenye ghorofa nyingi na katika kiduka cha mkoani. Duka kubwa haliwezi kumkata koo mdogo kwa kushusha bei siku ya kwanza. Kwa mpango wa kuwaleta watu dukani kwa kushtukiza, hilo ni muhimu sana, kwani shabiki hana sababu ya kungoja bei nafuu mtandaoni, anaingia duka lililo karibu naye. Na kumbuka kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya mapato ya muziki uliorekodiwa Japani bado yalitoka kwenye CD na bidhaa nyingine za mkononi, wakati katika nchi nyingi duka la CD lilikuwa limeshageuka kumbukumbu. Tower Records ya Marekani ilifunga milango mwaka 2006, ila ile ya Japani, iliyokuwa imeshajitenga na mzazi wake, ikaendelea.

Basi je, ulikuwa uamuzi sahihi? Naona ulikuwa sahihi, na nitaeleza kwa nini bila kuficha dosari zake.

Dosari ya kwanza ni kwa shabiki asiye na duka. Mtu wa kisiwa kidogo, mgonjwa, mfanyakazi wa zamu, shabiki wa ng'ambo, wote walipata habari kupitia picha za wengine. Furaha ya siku ile iligawanywa kwa jiografia. Mtu akiniambia kwamba panki ilipaswa kuwafikia kwanza wale wasio na nafasi, sina jibu la kumnyamazisha. Ya pili ni kwamba mbinu hii hairudiwi. Albamu yao The Gift, ya kwanza baada ya miaka 18, ilitoka tarehe 4 Oktoba 2017 baada ya kutangazwa mapema kama albamu nyingine, na hilo lilikuwa busara.

Lakini upande wa faida una uzito zaidi, na si uzito wa mapato tu. Kila mfumo wa matangazo huifanya rekodi izeeke kabla haijasikika. Kwanza hutangazwa kwamba itatangazwa, halafu jalada, halafu sekunde 15, halafu video, na siku ya kutoka mtu anahisi ameshaisikia. Hi-Standard waliwarudishia watu wazima wa miaka 35 na 40 kitu walichokuwa nacho wakiwa wanafunzi: kuingia dukani bila kujua utakuta nini. Kwa bendi ambayo hadhira yake ilikulia katika maduka hayohayo, sioni zawadi iliyopimwa vizuri zaidi. Na mwenye kuipima hivyo alikuwa mtu anayewajua wateja wake kwa nafasi mbili, kama mwanamuziki aliyewaona usoni na kama mfanyabiashara aliyewauzia.

Wanaodhani Yokoyama ni mtu wa kukumbatia ya kale na kukataa kila kipya, wamtazame Wanima. Vijana watatu wenye asili ya Kumamoto, walisainiwa na Pizza of Death na kutoa kazi yao ya kwanza mwaka 2014, kisha albamu ya Are You Coming? mwaka 2015. Walilipuka. Mwenye lebo mchoyo angewafunga kwa mkataba mpaka wakauke. Mwaka 2017 wakahamia lebo iliyo chini ya Warner, na usiku wa mkesha wa mwaka mpya wakaimba katika Kohaku, onyesho kubwa kuliko yote la televisheni ya NHK. Yokoyama mwenyewe, aliyekwepa televisheni kwa miaka, aliingia Music Station, kipindi cha muziki cha TV Asahi, kwa mara ya kwanza Julai 2015, akapiga wimbo wa kuitetea redio. Huyu si mtu mwenye kanuni moja ya kukataa. Bendi ya vijana inayotaka uwanja mpana aliiacha iende ilikotaka. Wimbo unaohitaji mamilioni ya macho aliupeleka mwenyewe kwenye televisheni. Rekodi ya watatu waliopatana baada ya miaka mingi aliipeleka rafuni bila neno. Kazi ya prodyuza, kwa jinsi ninavyoielewa, ni hiyo: kujua kila wimbo unataka mlango upi.

Kampuni kubwa ingeweza kufanya Jumanne ile? Kimitambo, ndiyo. Ina viwanda, ina malori. Lakini singo ya kwanza ya bendi kubwa baada ya miaka 16 ndiyo bidhaa ambayo idara ya matangazo ingeipangia kampeni ya miezi, na afisa aliyependekeza bajeti ya sifuri angelazimika kuitetea mbele ya watu wanaopimwa kwa oda za mapema. Mkaguzi angeuliza, mdhamini angeuliza, mshirika wa televisheni angenuna. Pizza of Death palikuwa na meza moja fupi, na aliyekaa kwenye kiti cha bosi alikuwa na alama za nyuzi vidoleni.

Tsuneoka alifariki Februari 14, 2023, akiwa na miaka 51. Tangu hapo hesabu ya kisa hiki imebadilika, kwa sababu kipindi cha watatu hao kurekodi pamoja kimeshafungwa, na Another Starting Line pamoja na The Gift vimekuwa sehemu kubwa ya kile kilichopatikana baada ya mapatano. Rekodi hizo zilitolewa na lebo yao. Hakuna wa nje anayeweza kuzikatakata kuwa mkusanyiko wa haraka wa kumbukumbu ili auze msiba. Anayeamua ni Yokoyama na kampuni yake, na wanaomwuliza ni watu walewale aliokuwa akiwaandikia tangu mwanzo.